Jumapili Bila Moshi

Wiki chache zilizopita jumuiya yetu ilisali nyumbani kwangu, hapa Kitale. Ilikuwa Jumapili ya Kwaresima, na baada ya sala mwenyekiti wetu, mama mchangamfu ambaye hawezi kunyamaza hata akilipwa, alitaka kila nyumba ieleze inafunga vipi. Mmoja akasema ameacha soda. Mwingine ameacha kuangalia vipindi vya runinga. Mume wangu, ambaye wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati wakahamia Moi's Bridge na kulima mahindi huko, akasema ameacha sukari kwenye chai, na wote wakamwonea huruma kwa sababu wanajua anavyoipenda. Hapo ndipo binti yangu alipodakia kutoka mlangoni.

"Kukhu wa mum alikuwa hawashi moto Jumapili zote za Kwaresima. Ati hata chai hawakuwa wanakunywa. Walikuwa wanafunga na kushika Sabato pamoja."

Wote sebuleni wakapiga makofi. "Huyo nyanya alikuwa mtakatifu, bana," akasema mzee mmoja. Mwenyekiti akanigeukia, macho yanang'aa, akaniomba nitoe ushuhuda huo kanisani siku ya Matawi ili vijana wajue wazee walivyokuwa wanamheshimu Mungu. Nikasema nitaona. Kisha nikaenda jikoni nikijifanya naangalia maandazi, nikasimama mbele ya jiko la gesi uso ukiniwaka.

Usidhani mtoto alidanganya, ndugu yangu. Alisema kile nilichomsimulia mimi, na nilichomsimulia ni kweli. Kukhu yangu, yaani nyanya aliyenilea kule Misikhu, hakuwasha moto Jumapili za Kwaresima moja. Watu walimsifu, na mimi nilisifiwa pamoja naye. Nimeibeba sifa hiyo hadi leo kwa sababu kilicho chini yake kinanitia aibu, na aibu ya njaa haiondoki hata ukishiba miaka mingi. Njoo nikueleze, maana wewe si mtu wa jumuiya yetu.

Nilikaa na Kukhu tangu nikiwa mdogo. Mama yangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya huku Kitale, anakuja akipata nauli, akiikosa haji. Tulikuwa wawili tu katika nyumba ya udongo yenye jiko pembeni, na nyuma ya jiko ua wa kaiyaba wenye miiba iliyotuchana sana utotoni. Asubuhi nilifagia uwanja, nikachota maji kijitoni, nikaenda shule. Jioni kazi yangu ilikuwa kuni. Niliokota matawi ya mikaratusi yaliyoanguka kando ya barabara, nikayavunja kwa goti, nikayapanga ukutani. Kukhu alipenda kuni zipangwe ncha zikiangalia upande mmoja. Alisema mtu akiingia kwako, kwanza anaangalia kuni ndipo anaangalia uso wako.

Jioni za mwaka wa shibe ndizo ninazozikumbuka kwa pua. Mrenda ukichemka na majani ya kunde, ugali wa mahindi na wimbi, mweusi kama udongo uliolimwa, na Kukhu akinilambisha mwiko kabla hajapakua. Mvua ikinyesha tulichoma mahindi tukasikiliza bati la jirani likilia, maana paa letu lilikuwa la nyasi na nyasi hazipigi kelele.

Upande wa pili wa ule ua aliishi mama mmoja aliyeshika Sabato ya Jumamosi. Watoto wote wa kijiji tulimwita Mama Sabato, na aliitika bila kinyongo. Alikuwa na watoto wengi, sauti nyembamba ya kuimba, na sheria moja kubwa: Jumamosi moto hauguswi nyumbani kwake. Kwa hiyo Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku yake kuu. Tangu asubuhi alipika vya siku mbili, maharagwe, ndizi, kabichi, na akipata unga wa ngano, chapati. Jua lisizame kabla hajamaliza.

Sasa hesabu mwenyewe shida yetu. Ijumaa ya Kwaresima sisi Wakatoliki tunafunga. Kukhu na mimi tulitoka Njia ya Msalaba matumbo yakinguruma, tukafika nyumbani tukakuta vitunguu vya Mama Sabato vinakaangwa na upepo unaelekea kwetu. Kukhu alikaza kilemba chake akasema shetani ana jiko lake, na amelijenga nyuma ya ua wetu. Siku moja alimwambia Mama Sabato hivyohivyo usoni. Wote wawili walicheka wakashikana mabega. Walikuwa marafiki wa kutaniana, kila mmoja akiamini mwenzake atashangaa sana akifika mbinguni.

Ilikuwa raha kuishi katikati ya siku zao mbili. Jumamosi kwa jirani kulikuwa na nyimbo na chakula baridi, kwetu kulikuwa na kufua na kufagia. Jumapili sisi tulivaa nguo safi na yeye akapalilia. Katekista wetu alikuwa ametufundisha kwamba Jumapili haimo katika siku arobaini za kufunga. Alikuwa mzee wa Bokoli, mrefu, mwenye miwani mizito, na ulimi wake ulibadilisha "l" na "r" bila kumwomba ruhusa. "Jumapiri ni siku ya Ufufuko," alisema. "Ukihesabu na Jumapiri, siku zinapita arobaini. Kwa hiyo Jumapiri haifungwi. Mtu akifunga siku hiyo, anamnunia Bwana." Basi baada ya misa, nyumba zote za Wakatoliki zilifuka moshi. Waliofunga wiki nzima walikula siku hiyo kwa moyo mmoja. Kama una jogoo, siku yake ilikuwa imefika.

Mwaka ninaokuambia, dumuzi waliingia ghalani kwetu. Tulipofungua magunia baada ya Krismasi tulikuta mahindi matupu, punje zimetobolewa na unga mweupe umejaa chini, unga usiofaa hata kuku. Kukhu alitumbukiza mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, akautoa, akaupangusa polepole na leso yake. Alifunga gunia lile vizuri kabisa, akafunga na mengine, akayapanga yakasimama wima. Mtu akichungulia ghala letu angeona magunia yamesimama.

Tulikula mboga mpaka mboga ikakauka. Kiangazi kilikuwa kimeshika, mapera yalikwisha mitini, na mama yangu hakuleta habari. Kwaresima ilipofika, Kukhu aliipokea kama mgeni aliyechelewa. Siku ya Majivu alirudi na alama kwenye paji la uso, akaniambia mwaka huu tutafunga sawasawa, kufunga kwa wazee wa zamani, jioni uji mwepesi na basi. Nilikuwa mtoto, na kanisa haliwalazimishi watoto kufunga. Lakini kufunga kuna heshima yake, na njaa haina. Nami niliitaka ile heshima.

Siku sita za wiki Kwaresima ilitufunika vizuri. Jirani akiuliza mbona mtoto amekonda, Kukhu alisema, "Si unajua ni Kwaresima?" na jirani akainamisha kichwa kwa staha. Siku ya saba ndiyo iliyokuwa adui yetu. Jumapili haifungwi, na jiko lisilotoa moshi Jumapili linaonekana kutoka barabarani.

Jumapili ya kwanza tulitoka misa pamoja na akina mama wa kijiji, tukishuka njia ileile, kila mmoja akikata kona kwenda kwake. Mmoja wao, kwa wema tu, akauliza, "Kukhu, leo tunasikia harufu gani kwako?"

Nilihisi mkono wa Kukhu ukinibana vidole. "Leo kwangu moto hauwaki," akasema. "Jirani yangu amenionyesha kwenye Maandiko, Waisraeli walikatazwa kuwasha moto siku ya Sabato. Na Sabato yetu sisi si ni Jumapili? Wiki nzima nafunga chakula, Jumapili nafunga moto."

Wakasimama. "Na mtoto atakula nini?"

"Cha jana. Na ni yeye mwenyewe aliyeniomba tufanye hivyo."

Wote wakaniangalia. Nikatikisa kichwa kukubali, na mama mmoja akanishika shavu akasema mtoto huyu atakuwa sista. Tulifika nyumbani tukakaa nje, mahali pa kuonekana, Kukhu na rozari yake, mimi na kitabu cha shule nilichokishika bila kukisoma. Kutoka kila upande vyungu vya watu vilichemka. Kukhu hakuniangalia siku nzima. Jua lilipoanza kushuka alinipa maji yenye chumvi kidogo, akanisifu kwa kuyanywa.

Habari ikatembea. Jumapili iliyofuata katekista alimtaja kanisani, akasema kuna mama katika kigango hiki ambaye ameunganisha mfungo na Sabato kwa namna ambayo hata yeye hakuwa ameifikiria. Shuleni mwalimu wa dini alinisimamisha mbele ya darasa. Nilisimama nikiwa nimejaa fahari, na tumbo langu likalia kwa sauti, na wasichana wa dawati la mbele wakacheka. Mwalimu akawaambia hiyo ndiyo sauti ya sadaka. Mpaka leo nikiikumbuka sentensi hiyo masikio yanapata moto.

Kwa kuwa hatukuwa tunapika ila uji wa jioni, kuni zangu zilianza kujaa. Ukuta mzima wa jiko ulifunikwa. Kukhu akaanza kunituma kila Ijumaa asubuhi kwa Mama Sabato na mtita wa kuni kichwani. "Mpelekee. Leo anapika vya siku mbili, asihangaike." Alipenda kutoa, hata siku hizo. Nafikiri ilimpa nguvu kuona kwamba bado kuna kitu kinachotoka mlangoni kwake. Mama Sabato aliupokea mtita, akanishukuru, akaniangalia kidogo, akazipanga kuni zake. Nilirudi nikipita karibu sana na sufuria zake.

Kisha ikaja ile Jumapili ya wageni. Katekista alitangaza baada ya misa kwamba angependa kuitembelea nyumba isiyowasha moto, yeye na akina mama wachache, wajifunze. Ningekuwa mkubwa ningejua Kukhu alivyoogopa. Nilichokiona ni kwamba alitangulia mbele yetu kwa mwendo wa haraka usio wake, na tulipofika alikuwa ameshatandika mkeka na kupanga viti vitatu.

Mwanzoni mambo yalikwenda salama. Kwetu mgeni kuondoka bila chai ni fedheha, lakini siku hiyo hakuna aliyetarajia chai. Ile Sabato yetu ilitulinda. Wakaimba, wakasoma, wakamuuliza Kukhu maswali naye akajibu kwa sauti ndogo. Kisha katekista akasugua mikono yake mirefu.

"Mama, kabra hatujaenda, tuonjeshe hicho chakura cha jana. Kidogo tu. Waisraeri nao wariweka mana ya Sabato siku moja mbere. Tuonje, tukaige."

Akina mama wakaitikia. Kukhu akasema, "Ndiyo, ndiyo," akainuka akaingia jikoni. Nikamfuata.

Jiko lilikuwa safi. Mafiga matatu, majivu baridi, chungu kimoja, sufuria yetu yenye sikio moja. Kukhu akafunua chungu, akakifunika. Akafunua sufuria, akaifunika. Akarudi akafunua chungu tena. Alikuwa anajua hakuna kitu, ndugu yangu. Tulijua sote wawili. Kisha akasimama katikati ya jiko mikono ikining'inia, mama mzima ambaye kijiji kizima kilikuwa kimemwita mtakatifu asubuhi ile, na midomo yake ikawa inacheza bila sauti. Sijawahi kuona aibu kama ile, na niliionea haya aibu yenyewe, nikageuka nikaangalia kuni. Kulikuwa na kuni nyingi sana.

Mlango wa nyuma ukasukumwa kwa kiwiko. Alikuwa Mama Sabato, ambaye ng'ambo ya ua alikuwa amesikia kila neno, jasho likimtoka, amekumbatia sufuria iliyofungwa kwa leso.

"Mama," akasema kwa nguvu, ili asikike mpaka mkekani, "si ulisahau sufuria yako kwangu jana?"

Haikuwa sufuria yetu. Ilikuwa na masikio yote mawili. Kukhu aliiangalia, akamwangalia jirani yake, na kwa muda nilidhani atakataa. Kisha akainyoosha mikono akaipokea, na alipoishika alishtuka kidogo, kwa sababu ilikuwa inachoma.

Tulitoka nayo. Kukhu aliiweka mbele ya katekista akafunua, na mvuke ukapanda. Ndizi na maharagwe, mvuke mzito mweupe, moja kwa moja mpaka kwenye miwani ya katekista, ikafunikwa yote kwa ukungu. Akina mama waliona. Nilimwona kila mmoja akiona, chakula cha jana katika nyumba isiyowasha moto, kikifuka namna ile. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na mkeka.

Katekista alivua miwani. Aliipangusa kwa ncha ya shati polepole, upande huu, upande ule. Hakuivaa tena. Akasema, "Tuombe."

Akaomba. Aliombea mvua, akaombea wagonjwa kwa mmoja mmoja, akaombea shule, barabara, mifugo, waliosafiri, waliokufa, na waliokufa bila wa kuwaombea. Mzee yule kwa kawaida alikuwa mtu wa sala fupi. Miguu yangu ilikufa ganzi. Nilifungua jicho moja nikaona mvuke unapungua, unapungua, na yeye bado anaomba, uso umeelekea juu, macho yamefungwa kabisa. Alisema amina wakati hakuna tena kilichokuwa kinapanda kutoka kwenye ile sufuria. Ndipo akina mama wakafungua macho, wakaonja kila mmoja kijiko, wakasema chakula cha jana kina utamu wake. Kingine chote walituachia.

Tangu siku hiyo katekista hakututaja tena kanisani. Na kila Jumamosi, jua likishazama na nyimbo za upande wa pili zikikoma, Mama Sabato aliita juu ya ua kwamba chakula chake cha Ijumaa kimebaki na kwao hakiruhusiwi kulala mara ya pili, tumsaidie asitende dhambi. Kukhu alilalamika kwamba jirani huyu na sheria zake anamsumbua. Kisha alinituma nikakichukue. Kila Ijumaa nilipeleka kuni. Mvua ikanyesha, kunde zikachipua, mama yangu akaja na gunia la mahindi, Pasaka ikatukuta hai. Kukhu na jirani yake waliendelea kutaniana mpaka Kukhu alipofariki, na sikuwasikia hata mara moja wakiitaja ile sufuria.

Basi huo ndio ushuhuda ninaotakiwa kuutoa siku ya Matawi. Unaona kwa nini nilikimbilia jikoni.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Misikhu. Nilitaka kumwona Mama Sabato kabla sijaamua la kusema, kwa sababu ndiye pekee aliyebaki. Nilimnunulia leso na sweta nzuri nzito, nikavitia kwenye kikapu changu. Unga na sukari niliviacha dukani kwa makusudi. Nilijiambia ni siku yake ya Sabato, atakuwa amepika Ijumaa kama zamani, nikimletea vya kupika ataona namjaribu. Nilijisifu kwa kukumbuka.

Nilimkuta amekaa mlangoni pake. Amekuwa mdogo, mifupa ya shavu imetokeza, lakini sauti ni ileile. Ule ua wa kaiyaba ulikwisha kung'olewa, na mahali pa nyumba yetu pana shamba la mtu. Watoto wake wote wametawanyika, Eldoret, Nairobi, na mmoja hata hajui yuko mji gani. "Wako sawa," alisema, akageuza mazungumzo. Uwanja ulikuwa kimya, bila kuku. Jikoni majivu yalikuwa yamezolewa, mafiga meupe na baridi.

"Utanisamehe, mwanangu, leo hata chai sina. Si unajua siku zangu?"

"Najua, mama. Mimi tena?" Nikacheka. Nilihisi niko nyumbani.

Tuliongea hadi jua likapinda. Nikamweleza habari ya ushuhuda, akacheka akajifuta macho. Nikamuuliza jambo lililonikaa moyoni tangu utoto: siku ile, alijuaje? Tulikuwa tumeficha kila kitu. Magunia yalisimama, Kukhu alitembea kichwa juu.

"Ni zile kuni," akasema. "Kila Ijumaa wewe na mtita. Nikajiuliza, huyu mama na mjukuu wake, kuni zinabaki aje? Nyumba inayopika, kuni hazibaki. Halafu nikaangalia Jumamosi. Mimi najua Sabato, mwanangu. Mtu akitaka kuacha moto kesho, leo moshi wake unafika juu. Wa nyanyako haukuwa."

Niliinama. Nilimwambia nimeona haya miaka yote hii, na hata sasa naona haya. Akanipiga kofi dogo mgongoni, akaniambia njaa si wizi.

Nilipoinuka alishika kikapu changu. Alikuwa ameshatoa leso na sweta, na kwetu chombo hakirudi kitupu. Alitazama ndani ya nyumba, akatazama nje. Kisha akanionyesha ukuta wa jiko. "Chukua kuni hapo. Ziko nyingi. Beba mwenyewe, mimi leo sibebi mzigo." Nilicheka tena. Niliona ni utani mzuri wa kukumbushana zamani. Nikachukua mtita, ncha zote zikiangalia upande mmoja, nikautia nyuma ya gari, nikampungia mkono.

Harufu ya mkaratusi ilijaa garini, Kamukuywa, Kiminini, mpaka Kitale. Niliimba njia nzima.

Binti yangu ndiye aliyefungua buti. "Mum, na hizi kuni ni za nini? Si tunatumia gesi?"

"Ni za Mama Sabato. Anazo nyingi, zimembakia," nikamwambia. Na nilipojisikia nikisema hivyo, nilisimama palepale na mtita mikononi.

Nilikuwa nimekaa nyumbani kwake mchana kutwa. Niliona mafiga baridi nikayaita Sabato. Nilijua, mimi kuliko mtu yeyote, kwamba Sabato yake inaanzia Ijumaa, kwamba angekuwa na sufuria iliyofunikwa pembeni, kwamba mama yule hajawahi kumwachia mtu aondoke bila kuonja cha jana. Alinieleza kwa mdomo wake namna njaa ya jirani inavyojulikana, kisha akanipa kuni. Sijui kama alikuwa ananiambia au kama hakuwa na kingine cha kutia kikapuni. Nilimwachia sweta.

Siku hizi siwezi hata kujisingizia kwamba ningeona nikiwa karibu. Katika mtaa wetu sote tunapika kwa gesi, kuta ni ndefu, mageti yamefungwa. Nyumba ya tatu kutoka kwangu wakikosa chakula wiki nzima hakuna moshi ambao kukosekana kwake kutanishtua. Tunaulizana tumeacha nini Kwaresima hii, soda au sukari, tunapigiana makofi. Ule ua wa miiba uliotuchana ulituonyesha zaidi ya hivi.

Jumapili baada ya misa niliweka mawe matatu uani. Nikawasha kuni za Mama Sabato. Moshi uliingia kwenye nguo zilizoanikwa na jirani mmoja akalalamika juu ya ukuta, nikamwomba radhi. Nilipika ndizi na maharagwe katika sufuria kubwa kuliko zote, nikaifunga kwa leso, nikampakatisha binti yangu. Unga, sukari, mafuta na maharagwe mabichi nilivipanga nyuma. Tulipopita Kiminini kwenda Misikhu, binti aliniuliza tutamwambia nini Mama Sabato. Nilikuwa bado natafuta. Nimesoma, nina kazi nzuri, na sikuweza kutunga uongo hata mmoja unaofanana na ule wake.

Alikuwa amekaa palepale mlangoni, amevaa lile sweta. Niliichukua sufuria, ikaniunguza vidole.

"Mama," nikasema, kisha nikaanza upya. "Mama, si ulisahau sufuria yako kwangu jana?"

Aliitazama. Akanitazama mimi, muda mrefu, na nikaona kwenye uso wake kile nilichokiona jikoni kwetu utotoni. Kisha akanyoosha mikono akaipokea. Tuliketi chini, binti yangu akafungua leso, mvuke ukapanda ukatufunika sote watatu.

"Tuombe," akasema Mama Sabato.

Nikafumba macho kwa nguvu, tayari kungoja mpaka chakula kipoe, kama zamani. Lakini sala yake ilikuwa ya maneno mawili tu, na nilipofungua macho alikuwa ameshaanza kula.